Je, Wajua? Nyapara Amehamia Ndani ya Kompyuta

Je, wajua kwamba daftari la mahudhurio lina umri wa zaidi ya miaka elfu tatu? Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna bamba la jiwe la chokaa lililotoka Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya mafarao ng'ambo ya magharibi ya mto Nile. Liliandikwa mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses II. Karani ameorodhesha mafundi 40 na siku walizokosa kazini katika kipindi cha siku 280, na juu ya tarehe ameandika sababu kwa wino mwekundu. Fundi mmoja aliumwa na nge. Mwingine alikuwa mgonjwa wa macho. Kuna aliyebaki nyumbani kutengeneza pombe, kuna aliyekuwa akishughulikia maiti ya ndugu yake, na kuna waliokosekana kwa sababu karani mwenyewe aliwatuma wakamletee mawe.

Nimeanza na bamba hilo kwa makusudi. Tangu mwaka 2020, janga la korona lilipowarudisha mamilioni ya watu wa ofisini kufanyia kazi majumbani, kumekuwa na mazungumzo kana kwamba kumfuatilia mfanyakazi ni jambo lililozaliwa na kompyuta. Sivyo. Mwajiri amekuwa akihesabu tangu zamani. Ila sasa jicho lake limeingia sebuleni kwa mtu, na jicho hilo halina nafasi ya wino mwekundu. Karani wa Misri aliandika nge. Programu ya leo, mtu yuleyule akiumwa na nge yuleyule, ingeandika kwamba kibodi haikuguswa kwa dakika arobaini.

Je, wajua kwamba kampuni kubwa ya kompyuta ya IBM ina damu ya saa ya mahudhurio? Mwaka 1888 huko Auburn, jimbo la New York, sonara aitwaye Willard Bundy alibuni saa ambayo kila mfanyakazi aliingiza ufunguo wake wenye namba, nayo ikachapa saa aliyoingia na saa aliyotoka. Kampuni iliyotengeneza saa hizo iliungana na nyingine, na mwaka 1911 biashara hiyo ikawa sehemu ya kampuni ambayo mwaka 1924 ilibadili jina na kuitwa IBM. Kwa hiyo anayeshangaa leo kuona kompyuta ikimhesabia dakika, ajue kwamba kompyuta na saa ya kiwandani zimelelewa nyumba moja.

Na neno nyapara, je, wajua limetoka wapi? Limetoka njiani. Karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu iliyopita Unyanyembe hadi Bagamoyo ilikuwa na wanyampara, neno walilokuja nalo wapagazi wa Kinyamwezi kwa maana ya mkuu wa kundi. Huyo alitembea na watu wake, akala nao, akawasemea kwa mwenye mali posho ilipopungua. Ukoloni ulipofika, neno likahamia shambani na barabarani, likawa la mtu anayesimama kando ya wanaolima huku mikono yake ikiwa haina jembe. Hadi leo gerezani nyapara ni mfungwa aliyepewa kuwasimamia wenzake. Mtu aliyetoka kuwasemea watu akawa wa kuwasemea watu vibaya. Safari yote hiyo imo ndani ya neno moja.

Pamoja na nyapara kilikuja kipande. Nchini Kenya, sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kubeba hati yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza kazi, mshahara na tarehe ya kuachishwa. Hati ilitiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Bila saini ya mwajiri wa kwanza, mwajiri wa pili hakukuchukua, na aliyetoroka shamba la mzungu alitafutwa kwa kipande chake. Harry Thuku alikuwa miongoni mwa waliokipinga hadharani kabla ya kukamatwa Machi 1922. Tanganyika, kwenye mashamba ya mkonge, neno hilohilo lilikuwa na sura nyingine: kipande kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Siku uliyofanya kazi ilitiwa alama, na mshahara ulikuja kadi ilipojaa.

Lakini mashamba hayohayo yalikuwa na kipimo kingine ambacho watu wengi wa vijijini bado wanakijua: ngwe. Asubuhi unapimiwa kipande chako cha ardhi kwa kamba au kwa hatua. Ukimaliza kukilima, siku yako imekwisha, hata kama jua bado halijafika utosini. Uliimba, ulinyamaza, ulipumzika chini ya mwembe, hakuna aliyekuuliza. Msimamizi alipita mwisho akatazama kama magugu yametoka na kama mistari imenyooka. Naomba msomaji alishike neno hilo, ngwe, maana tutalirudia.

Je, wajua kwamba sheria ya kuwabana wafanyakazi wa nyumbani ilikuwepo kabla ya umeme? Uingereza ya karne ya 18, nyuzi za sufu zilisokotwa na wanawake majumbani mwao. Mfanyabiashara alileta sufu, akarudi baadaye kuchukua nyuzi. Waajiri wakalalamika kwamba wanaibiwa: sufu inapungua, na mafungu ya nyuzi yanakuwa mafupi kuliko kipimo. Mwaka 1777 Bunge likapitisha Sheria ya Sufu, na katika majimbo ya kaskazini kama Yorkshire wakaajiriwa wakaguzi wa kuzunguka kuwasaka wasokotaji waliopunja urefu. Tajiri hakuwahi kuuliza kwa nini mwanamke anayelipwa senti kidogo afikie kuficha konzi ya sufu. Alituma mkaguzi.

Miaka michache baadaye alitokea Mwingereza mwingine, Jeremy Bentham, ambaye jina lake hutajwa kila wanapozungumziwa watu wanaotazamwa. Alichora jengo la duara: vyumba pembeni, mnara katikati. Aliye mnarani anawaona wote, na walio vyumbani hawajui ni saa ngapi wanatazamwa, kwa hiyo hujiheshimu muda wote. Wengi wanajua kwamba mchoro huo ulikusudiwa magereza. Wachache wanajua kwamba wazo lilianzia karakana. Nduguye Jeremy, Samuel Bentham, miaka ya 1780 alikuwa Krichev, katika Belarus ya leo, akisimamia shughuli za mwanamfalme Potemkin wa Urusi, na shida yake ilikuwa namna ya kuwasimamia vibarua na mafundi wengi kwa macho machache. Jeremy alimtembelea, akalipenda wazo, akaliandikia barua mwaka 1787 na kulichapisha mwaka 1791. Mnara ule haukuanza kwa ajili ya wezi. Ulianza kwa ajili ya wafanyakazi.

Kazi ya ofisi kufanyiwa nyumbani ilipata jina lake la kisasa mwaka 1973. Jack Nilles, Mmarekani aliyewahi kuhusika na uhandisi wa vyombo vya anga, aliitazama foleni ya magari ya Los Angeles, akauliza kwa nini tunasafirisha watu wakati tungeweza kusafirisha kazi. Mwaka huohuo nchi za Kiarabu zikazuia mafuta, bei ikapanda, na swali lake likapata wasikilizaji. Tangu mwanzo kikwazo kikubwa hakikuwa simu wala mitambo. Kilikuwa ni bosi aliyezoea kuona vichwa vya watu juu ya meza.

Je, wajua kwamba programu inayowapiga picha vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wakiwa kazini ilitokana na urafiki? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mgiriki Odysseas Tsatalos alikuwa Marekani, na rafiki yake Stratis Karamanlakis alikuwa Ugiriki. Walitaka kufanya kazi pamoja, lakini mkubwa asingekubali kumlipa mtu aliye ng'ambo ya bahari asiyemwona. Wakatengeneza chombo cha kuonyesha kazi inavyokwenda. Kikazaa kampuni ya oDesk, ambayo baada ya kuungana na mwenzake Elance sasa inaitwa Upwork. Katika kazi zake za kulipwa kwa saa, mfumo huo hugawanya saa katika vipande sita vya dakika kumi. Katika kila kipande hupigwa picha moja ya skrini, kwa wakati usioujua, na huhesabiwa mara ulizobonyeza kibodi na kipanya. Hausomi ulichoandika, unahesabu mabonyezo. Picha usiyoitaka una ruhusa ya kuifuta, ila ukiifuta unapoteza malipo ya dakika zake kumi.

Mifumo ya namna hiyo sasa ni mingi, na kampuni nyingi zina ya kwao. Nimeuona mmoja kwa macho. Mwaka jana nilikwenda Tabata kumtembelea mdogo wangu wa kike, ambaye hutafsiri nyaraka za bima kwa kampuni iliyo nje ya nchi. Nilibisha hodi, akanionyesha kiganja bila kugeuka.

"Shikamoo kaka. Nisubiri kidogo, haijapiga."

"Marahaba. Nini hakijapiga?"

"Picha."

Nikasimama mlangoni na mfuko wangu wa machungwa. Baada ya muda kidirisha kidogo kikachomoza kwenye kona ya chini ya skrini, ndani yake taswira ya ukurasa aliokuwa ameufungua, ndogo kama stempu, kikakaa kidogo kikazama. Hapo ndipo akainuka, akanikumbatia, akanitafutia kiti. Akarudi mezani. Nikamtazama akifanya kazi. Mbele yake, juu ya kitambaa cha meza, kulikuwa na karatasi iliyochapishwa na kalamu ya risasi. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi, lakini mkono wa kulia ulikuwa juu ya kipanya ukizungushwa polepole, duara baada ya duara, kama mtu anayesaga nafaka kwenye jiwe.

Nikamuuliza mkono huo unafanya nini. "Nikisoma bila kuigusa, inajua nimelala," akasema.

"Na umeme ukikatika?"

"Dakika zinapotea, kaka. Naandika maelezo. Siku nyingine wanakubali."

Nikaiangalia ile karatasi. Kulikuwa na neno moja la Kiingereza la kibima, linalohusu kiasi cha hasara ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe kabla ya kampuni kulipa. Pembeni alikuwa amejaribu kulisema kwa Kiswahili mara nne, na mara tatu amefuta. Jaribio la nne lilikuwa limekaa vizuri. Mkulima wa Kilosa angelielewa. Hiyo ndiyo kazi anayolipwa. Ilimchukua robo saa hivi, ilifanyika kwa kalamu, na ndiyo sehemu pekee ya asubuhi ile ambayo mashine haikuiona. Alilipwa kwa kuzungusha mkono.

Wengine wameacha kuzungusha mkono na kutafuta msaidizi. Je, wajua kwamba ukiweka kipanya cha mwanga juu ya saa ya mshale, ule mshale wa sekunde unatosha kukidanganya? Kipanya husoma kinachopita chini yake, na mshale ukipita hudhani kimesukumwa. Vipo pia vifaa vidogo vya kuuzwa vinavyotikisa kipanya usiku na mchana. Asili ya baadhi yavyo itakushangaza: viliuzwa kwa wapelelezi. Polisi wanapokamata kompyuta iliyo wazi, hawataki ilale na kudai nywila, kwa hiyo huchomeka kifaa kinachoifanya idhani kuna mtu. Chombo cha mpelelezi kimegeuka cha mpelelezwa. Mwezi Mei 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi na wawili kwa kosa la kuigiza mabonyezo ya kibodi ili waonekane wako kazini.

Sitawatetea waliodanganya. Lakini tazama kilichowezekana: mtu amekaa bila kufanya kazi, na alichoshtakiwa nacho ni mabonyezo. Kama kazi yenyewe ingekuwa inatazamwa, pengo lingeonekana kwenye kazi. Shamba lisilolimwa halihitaji kamera.

Sasa tuje kwenye swali ambalo waajiri huuliza kwa haki kabisa, maana ni fedha zao: je, mtu akiachwa nyumbani hufanya kazi? Paka akiondoka panya hutawala, ndivyo tunavyoamini. Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitoka Shanghai. Kampuni ya usafiri ya Ctrip, mwishoni mwa mwaka 2010, iliwaomba wahudumu wake wa simu wajitolee kufanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki. Kati ya waliofaa, 249, kura ilipigwa kwa siku ya kuzaliwa: waliozaliwa tarehe shufwa wakaenda nyumbani, waliozaliwa tarehe witiri wakabaki ofisini. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wakafuatilia kwa miezi tisa. Waliokwenda nyumbani walizidisha kazi kwa asilimia 13. Sehemu kubwa, asilimia 9, ilitokana na dakika nyingi zaidi mezani: mapumziko mafupi, siku chache za kuugua. Asilimia 4 ilitokana na simu nyingi zaidi kwa kila dakika, kwa sababu nyumbani kulikuwa na utulivu. Na walioacha kazi walipungua kwa nusu.

Kuna mambo mawili katika habari hiyo ambayo husahaulika. La kwanza, baada ya jaribio watu walipewa hiari ya kuchagua upya, na zaidi ya nusu wakabadili. Wapo waliorudi ofisini kwa sababu ya upweke. Watu walipokaa walipochagua wenyewe, faida ikapanda hadi asilimia 22. La pili, wahudumu wale walikuwa na ngwe. Simu walizopokea na tiketi walizouza zilijulikana kila siku, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kujua kama mtu amevaa kanzu ya kulalia.

Ctrip, ambayo sasa inaitwa Trip.com, ilirudia jambo hili kwa wafanyakazi 1,612, safari hii wakiwemo wahandisi na wahasibu, kwa kuwaruhusu kubaki nyumbani siku mbili kwa wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: utendaji haukushuka, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja.

Na je, wajua habari ya pazia? Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ethan Bernstein wa Harvard alikwenda kwenye kiwanda kikubwa cha simu kusini mwa China, mahali ambapo sakafu nzima ilikuwa wazi na msimamizi aliweza kumwona kila mtu. Aliwaingiza wanafunzi wake kwenye mistari ya uzalishaji kama wafanyakazi wa kawaida, bila wenzao kujua. Wanafunzi wakagundua siri: wafanyakazi walikuwa na mbinu zao za haraka, nzuri kuliko zilizoandikwa kwenye kanuni, lakini mgeni au mkubwa akipita walizificha na kurudi kwenye mwendo wa kitabuni, ili wasiulizwe maswali. Mfanyakazi mmoja akasema afadhali tungefungiwa pazia. Bernstein akalifunga kweli kwenye baadhi ya mistari, halafu akahesabu. Waliokuwa nyuma ya pazia walizalisha asilimia 10 hadi 15 zaidi. Bernstein, aliyeandika habari hiyo mwaka 2012, hakusema msimamizi aondoke. Walio nyuma ya pazia waliendelea kuhesabiwa simu walizotengeneza. Walichopumzishwa ni macho.

Haki inanidai niseme na upande wa pili. Migahawa 392 nchini Marekani ilifungwa programu ya kunasa wahudumu wanaoiba kwenye malipo ya wateja. Watafiti waliochapisha matokeo mwaka 2015 walikuta wizi ulipungua kiasi kidogo, lakini mapato yalipanda kwa takriban asilimia 7, kwa sababu wahudumu waliozibiwa njia ya wizi walianza kuwahudumia wateja vizuri zaidi na kuuza zaidi. Kwa hiyo ufuatiliaji una mahali pake: pale ambapo unalenga kosa moja linalojulikana, na wafanyakazi wanajua ni lipi. Ukiwa wa kila kitu, hugeuka. Watafiti wengine walioandika katika jarida la biashara la Harvard mwaka 2022 waliwapa Wamarekani 200 kazi ndogo yenye nafasi ya kudanganya, na nusu yao wakaambiwa wanatazamwa. Waliotazamwa ndio waliodanganya zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtu akitazamwa sana huacha kujiona yeye ndiye mwenye dhamana ya tendo lake. Dhamana huhamia kwa mtazamaji.

Mwaka huohuo wa 2022 Microsoft iliwauliza watu 20,000 katika nchi 11. Asilimia 87 ya wafanyakazi walisema wanafanya kazi vizuri. Viongozi waliosema wana imani kamili kwamba watu wao wanafanya kazi walikuwa asilimia 12. Kampuni hiyohiyo, miaka miwili kabla, ilikuwa imeweka katika programu zake za ofisi ukurasa wa kumwonyesha meneja jinsi kila mtu kwa jina lake anavyotumia barua pepe na mikutano. Watu walipopiga kelele, Desemba 2020 ikayaondoa majina.

Mahakamani nako hakujalala. Mwaka 2022 kampuni moja ya Florida ilimtaka mfanyakazi wake aliyeko Uholanzi awashe kamera ya kompyuta siku nzima ya kazi na kuonyesha skrini yake muda wote. Akajibu kwamba skrini yake wanaiona tayari, kamera ni kuingiliwa faragha. Akafukuzwa kwa kukataa kazi na kukaidi amri. Mahakama ya Uholanzi ikasema kumtazama mtu kwa kamera siku nzima kunavunja haki yake ya maisha binafsi, na kampuni ikaamriwa kumlipa takriban euro 75,000. Ureno, kuanzia Januari 2022, sheria inamkataza mwajiri kunasa picha, sauti au maandishi ya anayefanyia kazi nyumbani kwa namna inayogusa faragha yake. Ufaransa, Desemba 2024, mamlaka ya ulinzi wa data iliitoza faini ya euro 40,000 kampuni ya nyumba na viwanja ambayo programu yake ilihesabu dakika chache bila kugusa kibodi wala kipanya kuwa uvivu. Mamlaka ilisema jambo ambalo mdogo wangu wa Tabata angelielewa mara moja: dakika hizo mtu anaweza kuwa kwenye simu au kwenye kikao, yuko kazini kabisa.

Mara nyingine mashine humwangusha mfanyakazi kwa haki. Kanada, Januari 2023, baraza la usuluhishi la British Columbia lilimwamuru mhasibu aliyekuwa akifanya kazi nyumbani alipe zaidi ya dola 2,700 za Kanada, baada ya programu kuonyesha saa zaidi ya 50 alizojiandikia bila kazi. Alijitetea kwamba alisoma kwenye karatasi. Mwajiri akaonyesha kwamba kuchapisha karatasi hizo nako kungeacha alama, na haikuwepo. Mimi naikubali hukumu ile. Mtu akiuza saa, saa zile si zake tena. Ninachokataa ni kufanywa mwizi kabla ya kuiba.

Na sisi? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Uganda na Rwanda nazo zina za kwao. Picha ya skrini yako, alama ya kidole unachobonyeza mlangoni, mahali simu yako ilipo saa tatu usiku, zote ni taarifa zako binafsi, na anayezichukua hana budi kukwambia anazichukua kwa sababu gani. Nimezungumza na vijana wengi wanaofanya kazi za mtandaoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza. Wanaogopa kuonekana wakorofi, na kazi ni adimu. Nawaelewa. Lakini swali si ukorofi.

Basi, ndugu yangu unayefunguliwa programu mpya Jumatatu ijayo, kabla hujabonyeza kukubali, andika barua pepe fupi ya heshima. Uliza inachukua nini, inawaka saa ngapi na kuzimwa saa ngapi, nani anatazama, na picha zinafutwa baada ya siku ngapi. Na wewe mwajiri, mpimie mtu wako ngwe asubuhi, uikague jioni. Mwajiri wa hapa kwetu akikaa kimya, Tanzania malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Kenya hupelekwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.